Kofia za Kinyozi

Jina lake la kweli lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Nyumbani mkewe alimwita baba watoto, na pale ukumbini kwa mafundi kila mtu alimwita Kinyozi, ingawa hakuwa amemnyoa mtu hata siku moja. Alichokuwa akinyoa ni prosesa za kompyuta.

Prosesa ni kile kijiwe bapa kinachofanya hesabu zote za kompyuta. Juu yake huvalishwa kifuniko cha chuma, kikilinde kisivunjike na kulitawanya joto lake. Mafundi walikiita kofia. Kompyuta nyingi hupokea prosesa ikiwa na kofia yake, na mambo yanakwenda. Lakini kulikuwa na aina moja ya kompyuta kongwe za mezani, pana, nzito kama jiwe la kusagia, zilizotengenezwa kwa prosesa mbili, na zote mbili vipara. Ukitaka kuipa mashine hiyo maisha mengine, unanunua prosesa zenye nguvu zaidi, na kabla ya kuzitia unazivua kofia. Ukiziacha nazo, chuma cha kupozea kinaning'inia juu, plagi yake haifiki kwenye bodi, feni hazizunguki, na mashine inazimika kwa joto kabla hujakaa vizuri kwenye kiti.

Kazi hiyo Kinyozi aliijulia kwenye kibanda cha mjomba wake, na ilimfaa kwa sababu haitaki maneno. Alikuwa mtu wa haya. Mteja akimsifia, alitazama chini kama aliyeambiwa ana deni. Akishika wembe, hata hivyo, alikuwa mtu mwingine. Alitumia mkono wa kushoto, kwa hiyo aliingilia kwenye kona ambayo mafundi wengine hawaanzii, na ncha ya wembe iliacha hapo mkwaruzo mwembamba kama ukope wa jicho. Alikata gundi pembe zote, taratibu, akiuhisi wembe kwa kidole asipouona kwa macho. Kisha aliilaza prosesa juu ya pasi aliyoigeuza miguu juu kati ya matofali mawili, kofia ikiwa chini, akasubiri. Kati ya kofia na kijiwe mna risasi ya kuchomelea. Risasi ikiyeyuka, prosesa hunyanyuka kwa kibanio bila kulazimishwa, na kofia hubaki kwenye pasi peke yake.

"Kinyozi, leo umepata vichwa?" Mama Vioo humuuliza kila asubuhi. Huyo ni mwanamke aliyekaa meza ya jirani, akibadilisha vioo vya simu, na mdomo wake haukuwa na likizo.

"Viwili vitatu."

"Na mimi nitakuletea cha mume wangu. Ukimvua kofia, nitazamie kama ndani mna kitu."

Ukumbi mzima hucheka, na Kinyozi hutabasamu akiutazama ukuta.

Kofia zenyewe alikuwa akizitupa kwenye kopo. Kwake zilikuwa kama nywele zilizoanguka sakafuni. Ndipo alipoanza kuja bwana mmoja.

Alikuja mara ya kwanza siku ya Ijumaa, mtu wa makamo, viatu safi utadhani hakukanyaga ile barabara ya vumbi waliyoikanyaga wengine. Hakuwa na mashine. Alisimama pembeni mpaka Kinyozi akamaliza, ndipo akasalimia kwa sauti ya chini.

"Pole na kazi, ndugu yangu. Hizo kofia unazipeleka wapi?"

"Nazitupa."

"Usizitupe. Nitakuwa nazipitia. Napenda vitu vidogo vidogo vya chuma."

Kinyozi hakumuuliza anavipendea nini. Kumuuliza mtu mzima mambo yake kulimtia aibu. Akammiminia kofia zote kwenye mfuko, na yule bwana akashukuru, akaondoka bila kugusa kitu kingine. Ijumaa iliyofuata akarudi, na ya pili yake, kila mara na salamu zile zile. Kwa kuwa hakusema jina, Kinyozi alimpa moyoni jina la Mpole.

Mama Vioo hakumpenda tangu mwanzo. "Wewe unampa mtu nywele za watu, wala hujui anakwenda kuzifanyia nini," alisema siku moja, akipuliza vumbi kwenye simu. "Shauri yako. Ipo siku utaamka huna kichwa."

Watu walicheka kama kawaida. Kinyozi naye alicheka, lakini kicheko hakikushuka hadi tumboni. Alikumbuka kwamba Mpole, kabla ya kutia kofia mfukoni, alikuwa na tabia ya kuigeuza kwenye mwanga na kusoma maandishi yake. Maana kila kitu kinachoitambulisha prosesa, jina lake, namba yake, nguvu yake, kimechongwa kwenye kofia. Kijiwe chenyewe hakina jina la kusomeka.

Akajiambia mtu kusoma si kosa.

Shemeji yake, mdogo wa mkewe, alikuwa mchoraji wa ramani za majengo. Alichora kwenye mojawapo ya zile kompyuta kongwe, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa amepata kazi kubwa, jengo la ghorofa lenye maduka chini. Mashine yake ilikuwa ikiinua ukuta mmoja kwenye skrini, yeye anakwenda kuoga na kurudi, ukuta bado unajengwa. Kinyozi alimwandikia kwenye kipande cha boksi jina la prosesa za kutafuta. Jumatatu asubuhi shemeji alipanda ngazi na mashine yake, mchukuzi ameshika upande mmoja, akaitua mezani akihema, kisha akatoa mfukoni prosesa mbili zilizofungwa kwenye sponji.

"Nimezipata ghorofa ya juu hapo, kwa muuza vipuri. Zimebaki hizi tu. Jina ni lile lile, shemeji, nimelisoma mpaka macho yameuma."

Kinyozi akaligusa jina kwa kidole. Lilikuwa lenyewe.

"Nyoa basi. Mimi nakwenda kutafuta chai, maana nikikuangalia na huo wembe moyo utanitoka. Ukiniharibia hizi, dada ataniona kwenye picha tu."

Akaenda. Kinyozi akawasha pasi, akachukua wembe, akaupeleka kwenye kona yake ya siku zote. Wembe ukaingia kwa ulaini ambao haukumpendeza. Gundi ya kiwandani ni nyeusi na hupinga, unaisikia inavyokatika. Hii ilikuwa nyeupe, laini kama jibini. Akasimama. Akailetea taa karibu.

Pale kwenye kona, kabla wembe wake haujagusa chuma, palikuwa tayari na mkwaruzo mwembamba kama ukope wa jicho.

Hakuhitaji hata pasi. Aliipinda kofia kidogo kwa ukucha ikabanduka. Chini yake hapakuwa na risasi, palikuwa na ute wa kijivu uliopakwa ovyo, na katikati yake kijiwe kidogo, nusu ya ukubwa unaotakiwa. Prosesa dhaifu ya kompyuta ya kawaida, iliyovalishwa kofia ya mwenzake. Akafungua ya pili. Hivyo hivyo.

Alikaa akizitazama. Kofia zile alikuwa amezivua mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe, na kumpa mtu kwenye mfuko. Ngapi, hakujua. Na sasa zilikuwa zimerudi zikiwa juu ya vichwa visivyo vyake, na aliyezinunua ni ndugu wa mkewe.

Shemeji aliporudi anapangusa midomo, maneno yalikuwa tayari kooni kwa Kinyozi. Nilimpa mtu kofia. Sentensi fupi tu. Lakini shemeji alitazama meza, akaona prosesa mbili zimekwisha kuvuliwa, akasema kwa furaha, "Haraka hivyo! Wewe kweli kinyozi!" Na Kinyozi akasikia sauti yake mwenyewe ikisema kitu kingine.

"Hazifai. Si zenyewe. Zirudishe."

"Si zenyewe vipi? Jina nimelisoma."

"Ndani si zenyewe. Mwambie muuzaji."

Shemeji alizikunja kwenye sponji yake, uso umemshuka. Akapanda juu. Baada ya muda akachungulia kutoka ngazini, akasema mwenye duka hayupo mpaka kesho, mashine ataiacha hapo hapo. Kinyozi akaitikia kwa kichwa. Mchana wote hakushika wembe tena. Mama Vioo alimtania mara mbili, kisha akarudi kwenye vioo vyake.

Jioni jua lilikuwa bado halijazama alipofika nyumbani. Mlangoni akaona viatu vya mgeni, vimepangwa vizuri, pua zimeelekea nje. Viatu safi.

Ndani, Mpole alikuwa amekaa kwenye kiti cha Kinyozi, kikombe cha chai mkononi. Mkewe alikuwa anacheka kwa jambo lililokwisha kusemwa.

"Baba watoto, mbona hukuniambia una rafiki mcheshi hivi? Amekusubiri muda mrefu."

"Shikamoo, mwenye nyumba," alisema Mpole, kwa mzaha, maana walikuwa rika moja. "Nilikuwa namwambia mama hapa kwamba mume wake ana mkono msafi kuliko mafundi wote wa mji huu."

Kinyozi alibaki amesimama. Mkewe alipotoka kuongeza maji jikoni, Mpole aliweka kikombe chini bila kukigonganisha na meza.

"Nimesikia dukani kwamba shemeji yako ameuziwa vitu vibaya. Nimesikitika. Sikujua ni ndugu yako, ningemwambia yule muuza vipuri wa juu amtafutie vingine."

"Umezifanya nini kofia zangu?"

"Zako?" Mpole alitabasamu. "Ulikuwa unazitupa, ndugu yangu." Akainama kidogo, kama mtu anayemwuliza mgonjwa hali. "Sikiliza. Mtu wangu anayegandisha hana mkono mzuri. Anatumia gundi nyeupe, anapaka kama anajenga ukuta. Wewe ungezifunga hata malaika asijue. Unavua, unavisha. Kazi ni ile ile."

"Sitaki."

"Usijibu leo. Kesho nitapita pale kwako." Akasimama, akanyoosha suruali. "Ila fikiri na hili. Kila kofia ina alama ya mkono wa kushoto. Mimi nikiulizwa, sijawahi kushika wembe. Watu watamwuliza nani?"

Mkewe akarudi na birika. Mpole akamshukuru kwa chai, akaulizia shule wanayosoma watoto, akaambiwa. Akavaa viatu vyake vilivyoelekea nje na kuondoka.

"Mtu mzuri," alisema mkewe. "Mbona umekauka hivyo?"

"Nimechoka tu."

Na hilo likawa neno la pili alilolisema mahali pa lile lililotakiwa.

Kesho yake shemeji alitangulia kufika. Alikuwa amekwisha kupanda juu na kushuka. Alipoingia ukumbini hakusalimia. Alitupa sponji mezani, prosesa zikaruka ndani yake.

"Shemeji, nakuheshimu. Umemuoa dada yangu, umenilisha na kuninywesha. Nitakuuliza mara moja. Zangu ziko wapi?"

"Zako?"

"Yule mtu anasema alinipa nzima, zenye jina juu. Anasema nimekwenda nazo kwa fundi, nimerudi na vipara visivyo na jina. Anasema, 'Mwulize huyo shemeji yako ameziweka wapi nzuri.' Nimemjibu shemeji yangu si mwizi. Watu walikuwa dukani, wakanicheka." Sauti ilimtetemeka. "Walinicheka, shemeji. Wakasema kila siku zinakuja mbovu nyingine zenye kona iliyokwaruzwa na mtu wa mkono wa kushoto. Sasa niambie mimi nicheke na nani."

Fundi wa redio alizima redio aliyokuwa akiijaribu. Fundi wa mashine za kuchapisha, ambaye mezani kwake palikuwa na prosesa moja ya mteja, aliichukua polepole, akaiinua kwenye mwanga, akatazama kona yake. Kisha akamtazama Kinyozi.

Kinyozi alijua kwamba akiinamisha kichwa sasa, hatakiinua tena, si pale, si mezani kwa mkewe. Akasimama.

"Kofia ni zangu," alisema. Haikutoka sauti. Akakohoa, akarudia. "Kofia ni zangu. Nilizivua kwenye prosesa za watu wengine, nikampa mtu mmoja aliyekuwa anaziomba. Sikumuuliza za nini. Yeye ndiye anazivisha hizi mbovu na kuziuza. Zako hazikuwahi kuwa nzima, shemeji. Nilizifungua nikazikuta hivyo hivyo. Tazama gundi. Nyeupe. Gundi ya kiwandani ni nyeusi."

"Ni kweli kuna mtu," alidakia Mama Vioo. "Anakuja Ijumaa, mpole kama maji ya mtungi. Nilimwonya huyu mjinga mbele yenu wote, mkacheka!"

"Anaitwa nani?" aliuliza fundi wa redio.

"Sijui."

"Anakaa wapi?"

"Sijui."

Mtu mmoja aliguna. Shemeji hakuguna. Aliichukua kofia moja iliyobaki mezani tangu jana, akaikwangua ile gundi nyeupe kwa ukucha, akaivingirisha kati ya vidole. Alionekana kama anayetaka kuamini na hajui aanzie wapi.

"Jana," alisema. "Jana nilipotoka kunywa chai ulikuwa umekwisha kuyajua yote haya."

"Ndiyo."

"Ukaniacha nipande juu mbele za watu, kama mpumbavu."

"Niliona aibu."

"Wewe uliona aibu." Shemeji alitikisa kichwa. "Na leo aibu nimevaa mimi."

Akaishika ile kompyuta kongwe kwa mishikio yake. Ni mashine ya watu wawili. Kinyozi aliunyoosha mkono kushika upande mmoja.

"Acha."

Akainyanyua peke yake, mishipa imemsimama shingoni, akatoka nayo kwenda ngazini. Hakuna aliyemfuata. Walimsikia akishuka hatua kwa hatua, chuma kikigonga ukuta, mpaka akafika pale ngazi zinapokunja, akaitua. Walimsikia anahema.

Kisha wakasikia sauti ya pili, ya chini, yenye adabu.

"Pole na mzigo, ndugu yangu. Huo si wa mtu mmoja. Nikusaidie?"

"Utakuwa umenisaidia kweli, kaka."

Kinyozi hakukumbuka baadaye alivyotoka nyuma ya meza. Alijikuta kwenye ukingo wa ngazi, amejipinda juu yake, na sauti iliyomtoka ilikuwa kubwa hata yeye mwenyewe aliishangaa.

"Usimpe! Shemeji, usimpe! Ndiye huyo!"

Chini, wanaume wawili walikuwa wameshika mashine, kila mmoja mshikio wake. Shemeji aliinua uso. Mpole naye aliinua uso, taratibu, akatabasamu kama mtu aliyeitwa kwa jina zuri.

"Mimi? Huyo bwana simfahamu. Napita zangu tu."

"Humfahamu!" Mama Vioo alikuwa amefika kwenye ukingo, bisibisi bado mkononi, na nyuma yake mafundi wakajipanga mmoja mmoja. "Kila Ijumaa uko kwenye meza yake na kimfuko chako kama mwenye zamu! Fundi wa redio, si ndiye?"

"Ndiye," alisema fundi wa redio.

Mpole aliutua upande wake wa mashine kwa upole ule ule. Akatoa kitambaa, akajifuta kidole kimoja kimoja. Hakukimbia. Mafundi walimtazama, na hakuna aliyeshuka, maana hawakujua wamshike kwa lipi. Alikuwa ameomba takataka, akapewa.

"Basi nimepata jibu langu," alisema, akimtazama Kinyozi peke yake. "Si kitu. Nisalimie mama watoto. Mwambie chai yake ilikuwa tamu, na kwamba ile shule naijua, nitapita siku moja."

Akageuka, akashuka ngazi zilizobaki bila haraka. Viatu vyake havikupiga kelele.

Shemeji alikuwa bado ameinama juu ya mashine, mkono kwenye mshikio. Akajinyoosha polepole. Hasira yote ilikuwa imemtoka usoni, na kilichobaki kilikuwa kibaya kuliko hasira.

"Chai ya dada yangu kaijulia wapi?"

Safari hii Kinyozi hakutafuta neno la kuweka mahali pa jingine. "Jana alikuja nyumbani. Nilimkuta amekaa kwenye kiti changu. Anataka nimgandishie kofia. Dada yako hajui kitu, anadhani ni rafiki yangu. Alimwambia shule ya watoto."

"Na wewe ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Kinyozi alisubiri kusikia lile neno, mwizi, au lile jingine baya zaidi. Badala yake shemeji aliisukuma ile kompyuta kwa mguu mpaka ikaegemea ukuta, iwaachie njia.

"Shuka," alisema. "Wewe nenda nyumbani, mimi napitia shuleni. Shuka, mwanamume, unangoja nini?"

Kinyozi akashuka. Walipita mlango wa chini pamoja, bega kwa bega, hawakimbii, lakini watu waliokuwa njiani walianza kuwapisha.

"Na mashine je?" Mama Vioo alipaza sauti kutoka juu. "Jamani, mashine!"

Hakuna aliyegeuka.